Panya Anayepuliza

Harufu ya panya, ukiwahi kufungiwa nayo ndani, hutaisahau. Si uvundo hasa. Ina utamu fulani wa nafaka iliyokaa, na chini yake ukali wa mkojo, na ikishajikita kwenye mbao hata usugue kwa sabuni na majivu, inarudi. Juzi nilifungua kabati la jikoni kwangu hapa Kahama, natafuta sahani za wageni, nikaikuta imo mle imetulia kama mwenye nyumba. Nilisimama nimeshika mlango wa kabati, mtu mzima mwenye watoto, visigino vikaanza kuniwasha.

Wifi yangu Neema, mdogo wa mume wangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa ameshalalamika sana. "Wifi, mchele wa humu ndani unaisha kimiujiza. Nakwambia kuna panya. Tutafute paka, yaishe."

Nikacheka. Akanuna kidogo. "Sasa kinachochekesha ni nini? Si ndiyo kazi ya paka?"

Ndiyo kazi yake, nikamjibu, lakini kuna mengine huyafanya bila kutumwa. Hakunielewa, na sikumlaumu. Nikachukua uji wa baba nikampelekea chumba cha uani. Baba anaishi kwetu siku hizi kwa sababu ya kifua. Vumbi la mawe lilimwingia ujanani na halijatoka mpaka leo. Nilimkuta anasinzia ameketi, nikaweka bakuli juu ya stuli, nikatoka taratibu. Kutwa nzima nilifanya kazi zangu kama kawaida, ila akili ilikuwa kwenye chumba kingine kabisa, ambacho mlango wake ulikuwa ukifungwa kwa nje.

Tulikuwa tunaishi machimboni, upande wa Nyarugusu. Usifikirie mji. Fikiria maturubai, mabati na mabanzi yaliyosimama popote mtu alipopata nafasi, kwa sababu kila aliyefika pale alisema amekuja kwa muda tu. Chumba chetu kilikuwa cha mabanzi yaliyokandikwa udongo. Nusu yake kitanda, nusu yake stoo ya mama. Mama alipika wali na maharage akauza mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, na alikuwa akiondoka asubuhi na sufuria kichwani, anarudi jua likishapoa.

Mimi sikuruhusiwa kumfuata. Mashimo yaliyoachwa yalikuwa kila mahali, hayana uzio, hayana alama, mengine yamefunikwa na majani tu. Kulikuwa na mbuzi wa jirani aliyekuwa akilishwa nyuma ya nyumba yetu. Siku moja yupo anakula majani, mara hayupo, na tukabaki kusikia sauti yake kutoka ardhini. Alilia kutwa. Watu walikuja wakachungulia, wakatikisa vichwa, wakaenda zao, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kushuka kwa ajili ya mbuzi. Siku iliyofuata mama alinunua kufuli.

"Bora ulie wewe ndani, Kabula, kuliko nilie mimi nje," aliniambia. Kisha nikasikia kile kichuma kikiingia mahali pake, na nyayo zake zikienda.

Nililia mwanzoni. Baadaye niliacha, si kwa kuzoea, ila kwa kuona hakuna anayesikia. Mashine za kusagia mawe, karasha, zilikuwa zikinguruma kuanzia asubuhi, na sauti ya mtoto haifiki popote mbele ya karasha. Mle ndani nilikuwa na uji kwenye chupa ya chai, kopo la haja, na mdoli wa gunzi. Joto la bati lilikuwa linashuka kama blanketi. Mwanga uliingia kupitia matundu ya misumari, vitone vidogo vya jua vilivyotembea ukutani polepole kutoka kitandani kwenda kwenye sufuria iliyobaki, na vikifika kwenye sufuria najua mama yuko njiani. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu.

Kwenye kona kulikuwa na magunia ya mchele. Siyo ule wa kupikia wateja. Ule ulikaa kwenye ndoo. Haya mama aliyanunua wakati wa mavuno, mchele unapokuwa bwelele, ili ayauze bei ikipanda, na kwa hayo turudi Ushirombo kwa bibi, akodi shamba, mimi nianze shule. Alikuwa na jina lake kwa yale magunia. "Usikalie hayo," alikuwa akisema. "Hayo ni ya kuondokea."

Mimi nikaelewa kwa namna yangu. Mlango ni wa kutokea, magunia ni ya kuondokea, basi nyuma ya magunia lazima kuna mlango. Nikiwa peke yangu nilijibana kati ya gunia na ukuta nikipapasa udongo, natafuta bawaba. Nilichokipata ni tundu moja karibu na sakafu, laini kwenye kingo zake, lenye harufu ile niliyoikuta juzi kabatini. Niliwaonea wivu panya. Wao walikuwa na mlango wao.

Muda wa kuondoka nao ulikuwa umewekwa. Enzi zile, kama unakumbuka, hatukuulizwa cheti cha kuzaliwa ili kuandikishwa shule. Mwalimu anakuambia uzungushe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umekua, ukishindwa, rudi nyumbani ukanywe uji. Mama alinipima kila jioni. Alinishika kichwa kisiinamie upande, maana nilikuwa mjanja, akavuta mkono wangu kwa upole. "Bado kidogo. Ukigusa sikio tu, tunaondoka." Mle ndani nilishinda nauvuta ule mkono mpaka bega likauma.

Panya walikuwa wengi. Walianza kwa uoga, mmoja mmoja, baadaye wakatembea mbele yangu mchana kweupe kama wenye hati. Walitoboa pembe za magunia, mchele ukamwagika chini umechanganyika na mavi yao. Mama alijaribu mtego, ukamnasa kidole yeye mwenyewe. Sumu aliikataa kwa sababu yangu. Aliziba tundu kwa udongo, wakachimba pembeni yake. Siku moja niliamka kutoka usingizi wa mchana nikakuta kisigino changu kinatoka damu, kimeliwa ngozi, na sikuwa nimesikia lolote.

Mama alikiosha kwa maji ya chumvi. "Panya huyo. Hukumsikia kwa sababu alikupulizia."

"Alinipulizia?"

"Ndivyo alivyo. Anang'ata, anapuliza. Anang'ata, anapuliza. Ile pumzi yake inakupoza, unajiona uko raha mustarehe, kumbe unaliwa."

Alisema kama mtu anavyosema jambo linalojulikana na kila mtu, na kweli linajulikana. Lakini kwangu lilikuwa jipya, na lilinivuruga sana. Sikulala tena mchana. Niliketi nimekunja miguu chini ya gauni, nikisubiri ubaridi kidogo kwenye vidole, na kila upepo uliopenya kwenye mabanzi ulinirusha.

Sasa nimlete baba, kama alivyokuwa wakati ule. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti nzuri, mtu ambaye akiingia mahali watu wanasogea wampe nafasi. Wenzake walimwita Mpulizaji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kwenye duara, yaani shimo refu wanaloshuka kuchimba, hewa huisha kule chini, basi yeye alikaa juu akizungusha kwa mkono feni iliyofungwa kwenye mrija mrefu wa nailoni, akiwasukumia wenzake pumzi. Alijivunia. "Mimi nikiacha kupuliza," aliniambia akigonga kifua, "wanaume wote wale wanalala."

Jioni alikuwa akinikalisha mlangoni, mguu wangu juu ya goti lake, ananitoa funza kwa pini. Alikuwa na mkono mwepesi. Anachoma, anazungusha, anatoa, kisha anainamia kidole changu na kukipuliza ili kisiume.

Nadhani unaona nilikofika. Kuchoma, kupuliza. Kuchoma, kupuliza. Jioni iliyofuata baada ya maelezo ya mama, baba alinyoosha mkono, "Leta mguu, malkia," nami nikauvuta nikauficha. Akacheka. Kesho yake akajaribu tena, nikakimbilia nyuma ya mama. Akabaki ameshika pini, anatazama goti lake tupu.

"Amekuwa mkubwa, anaona aibu," mama alimwambia.

"Ya kuonea aibu nini? Funza?" Hakukasirika, lakini alionekana ameumia. Mimi sikuwa na maneno ya kumweleza. Kuanzia hapo funza alinitoa mama, ambaye mkono wake ulikuwa mzito na hakuwa na muda wa kupuliza.

Paka alitoka kwa Mama Swaumu, jirani yetu mwuza chai na maandazi. Alikuwa mtu wa Tanga, na kwake paka walilala mpaka juu ya mkeka wa kuswalia. Ndiye aliyemwambia mama, "Mwenzangu, utatega mpaka lini? Chukua huyu jike, ameshakomaa, anawinda."

Mama alirudi nyuma hatua nzima. "Hapana, Mama Swaumu. Sisi kwetu mwanamke akionekana na paka, kesho jirani akiugua wanakuja kumwuliza yeye."

"Hapa si kwenu. Na wanaokuuliza hapa ni panya."

Siku kadhaa mama aliwaza. Alikuwa binti wa Kisukuma aliyekulia kijijini, na nina hakika alikuwa na hofu ya kweli, siyo ya mzaha. Lakini asubuhi moja alimleta amefungwa ndani ya kanga, akamwachia chumbani, akasema, "Haya, mayu, mama wewe, kazi ni hiyo," akafunga kufuli.

Kwa mara ya kwanza sikufungiwa peke yangu. Paka yule alikuwa na milia ya rangi ya majivu na sikio moja limechanika. Alizunguka chumba kizima akinusa kila kona, akasimama mbele ya mlango, akaukwaruza, akalia. Nikamwambia ukweli kwamba haufunguki. Akanitazama, akaja kukaa juu ya miguu yangu, pale pale visiginoni, na tumboni mwake ikaanza mngurumo kama wa karasha ikisikika kutoka mbali. Nikampa jina hilo, Karasha. Mchana ule nililala usingizi mzito ambao sikuwa nimeulala tangu ning'atwe.

Kwa hiyo, Neema akitaka jibu la swali lake, ninalo. Paka anasaidia. Siku za kwanza alikamata wale wazembe, akawala kuanzia kichwani, nami nilisikia mifupa ikisagika. Baadaye sikumwona akikamata sana, na wala haikuhitajika. Harufu yake pekee iliwatosha. Wale wengine walihama, nadhani wakaenda kwa majirani, kwa sababu mama mmoja wa mtaa wetu alianza kulalamika. Mavi kwenye mchele yakakoma. Pembe za magunia mama alizishona, na uzi haukukatwa tena. Tundu la nyuma ya magunia likaota utando wa buibui.

Na mchele ukaendelea kupungua.

Nilijua kwa nini. Mimi nilikuwa mle ndani. Vitone vya jua vikifika katikati ya ukuta, kwenye msumari wa kuning'inizia kanga, kufuli lilikuwa linafunguliwa na baba anaingia. Kufuli huja na funguo mbili, na yeye alikuwa nao wa pili. Alikuja na kashata au kipande cha muwa, kila mara na kitu, na maneno matamu mengi. Kisha anafungua gunia la kuondokea, anachota kwa kopo, anajaza kiroba, anaweka begani.

Siku hizi naelewa alichokuwa akifanya. Mwenye kulisha duara lao alikuwa ameshachoka akaondoka, na wachimbaji hawashuki na njaa. Baba aliona hapo ndipo pa kupanda ngazi: awalishe yeye, na mawe yakitoka awe na fungu lake kama mkubwa, siyo mpulizaji tena. Kila siku mwamba wenye dhahabu ulikuwa karibu, kila siku kesho wanatoboa. Sidhani kama alikuwa anatuibia moyoni mwake. Alikuwa anaamini. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, maana mwizi huwa anachoka.

Mara ya kwanza aliona namtazama. Akachuchumaa mbele yangu, akanipa muwa. "Mama akiuliza mchele uko wapi, sema ni panya. Sawa, malkia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Wala hakuwa ameniambia niseme uongo, kwa jinsi nilivyosikia mimi. Alikuwa amekiri. Nilikuwa nimeshamshuku kwa habari ya kuchoma na kupuliza, na sasa kasema mwenyewe kwa kinywa chake kuwa ni panya. Nilimgeukia Karasha nikisubiri aruke. Badala yake akaenda kujisugua kwenye miguu ya baba, mkia juu, anaunguruma. Hapo nikajua kuna panya wanaomshinda paka.

Mama alipouliza, nilisema kama nilivyoambiwa. "Ni panya." Akaanza tabia moja ngeni: asubuhi kabla hajafunga gunia, anausawazisha mchele juu na kuukandamiza kwa kiganja, vidole vyote vitano vikabaki vimechorwa. Jioni anafungua na kutazama. Kiganja hakipo. Anafunga tena, anakwenda kuosha vyombo. Baba akirudi na kitenge kipya au habari za mwamba, anapokea, anasema asante. Nilikuwa naona jinsi anavyokikunja kile kitenge, taratibu mno, mkunjo juu ya mkunjo.

Nami nilikuwa narefuka. Jioni moja alinipima, na ncha ya kidole changu cha kati ikagusa juu ya sikio. Ikagusa kweli, hakunisaidia. Nilipiga kelele za furaha. Mama alinishika mkono pale pale ulipokuwa, akautazama, kisha akatazama magunia kwenye kona. Yalikuwa yamelegea, yameegemeana kama walevi. Hakufurahi. Alikaa chini kwenye sakafu akashika kichwa.

"Mama, nimegusa."

"Nimeona, ng'wana wane, mwanangu. Nimeona."

Kisha akainuka kwa hasira ambayo sikujua inamwendea nani, akamnyanyua Karasha kwa ngozi ya shingo. "Na wewe! Kula unakula, kulala unalala, mchele unaisha. Kesho unarudi kwa Mama Swaumu. Sifugi mgeni mimi."

Nilimrukia mkono. Bila yeye ningerudi kuwa peke yangu kwenye chumba kile, na miguu yangu, na ukuta ule. "Siyo yeye, mama! Karasha kawamaliza wadogo wote. Huyu mkubwa ndiye hamwezi."

"Mkubwa yupi?"

"Panya mkubwa. Yule anayepuliza."

Mkono wa mama ukalegea. Karasha akaanguka kwa miguu minne na kwenda chini ya kitanda. Nje kulikuwa na watu wanapita wakizungumza, na mama alingoja wapite. Nilidhani ataniuliza panya gani huyo, ana sura gani, na nilikuwa tayari kumweleza. Hakuuliza. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini kabisa.

"Anakuja saa ngapi?"

Nikaenda ukutani nikamwonyesha msumari wa kanga.

Asubuhi alifunga kwa kufuli jingine. Lilitoa mlio tofauti, mzito zaidi. Funguo zote mbili alizifunga kwenye pindo la kanga yake, nikasikia zikigongana wakati anaondoka.

Vitone vya jua vikafika kwenye msumari. Nikasikia nyayo za baba, nikasikia ufunguo wake ukiingia kidogo na kukwama. Akajaribu tena. Akatoa, akaufuta, akaingiza tena.

"Kabula."

"Abee, baba."

"Nani kabadilisha kufuli?"

"Mama."

Nikasikia mgongo wake ukishuka taratibu kwenye mabanzi mpaka chini, na mwanga wa chini ya mlango ukazibwa. Alikuwa ameketi. Karasha akaenda kunusa pale. "Wenzangu wananisubiri," baba alisema, lakini si kwangu. "Wameshashuka. Nimewaambia naleta chakula." Baadaye akasema, "Fungua, malkia."

"Sina ufunguo, baba."

"Najua."

Nimewahi kufungiwa mara nyingi katika maisha, na milango mingine haikufungwa na mtu. Lakini sijawahi kusikia mtu aliyefungiwa kama baba yangu siku ile, na yeye ndiye alikuwa nje. Kabla hajaondoka alipenyeza kashata chini ya mlango, imefungwa kwenye karatasi, na kwa kuwa ilikwama kwenye udongo aliinama akaipuliza isogee. Ile pumzi ilinifikia vidoleni. Nikavuta miguu.

Tulirudi Ushirombo kwa kile kilichobaki, juu ya lori la mbao, Karasha ndani ya kapu lililoshonwa mdomo. Baba alitusindikiza mpaka barabarani. Alisema wakitoboa tu, anatufuata. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, hawajatoboa. Mama hakumsema vibaya hata siku moja, na hakumrudia. Miaka mingi baadaye, tukichambua maharage, nilimwuliza kama kweli alikuwa hajui mchele unakwenda wapi hata akahitaji kuambiwa na mtoto. Alipuliza maganda kwenye ungo kwanza.

"Nilijua," alisema. "Lakini panya walikuwepo, na nilikuwa nawapenda wale panya, wewe hujui. Kila kikipungua kitu, nasema ni wao. Ndiyo maana nilichelewa kumchukua yule paka. Uchawi ulikuwa kisingizio tu."

Mama tumemzika Ushirombo. Baba hakuweza kuja. Alikuwa kitandani machimboni, na msiba ulipoisha nilikwenda kumchukua mwenyewe. Alikuwa mwepesi kama kapu.

Yote haya yalinipitia kutwa ile baada ya kufungua kabati. Alasiri nilirudi chumba cha uani kuchukua bakuli la uji. Baba alikuwa macho, ameketi ukingoni mwa kitanda, anahema kwa kukata. Harufu ilikuwa mle, nzito kuliko jikoni. Nikainama chini ya kitanda. Kulikuwa na kiroba, pembe yake imetobolewa, mchele umemwagika sakafuni pamoja na mavi ya panya, na pembeni kopo la jikoni kwangu.

Alinitazama nikikitoa. Hakushtuka. Siku hizi akili yake huenda na kurudi, na alikuwa amekwenda. Alisogeza uso karibu na wangu.

"Cha watu wa duara hicho," alininong'oneza. "Wamebakiza kidogo tu kutoboa. Mama yako akiuliza, sema ni panya."

"Sawa, baba. Nitamwambia."

Neema alikuwa amefika uani, amesimama na ungo. "Wifi! Umejua ni nani anayemaliza mchele?"

Nikasukuma kiroba nyuma kwa mkono. "Ni panya," nikamwambia. "Kesho tutatafuta ndoo yenye mfuniko."

"Na paka?"

"Paka hapana. Kifua cha baba hakitaki manyoya."

Akaenda zake. Nikaketi sakafuni kuzoa mchele, miguu nimeinyoosha, viatu nimeviacha mlangoni. Baba alikuwa anaitazama hiyo miguu. Akapiga goti lake kwa kiganja, mara mbili, kama zamani.

"Leta mguu, malkia. Una funza."

Sina funza. Niliuinua mguu nikauweka pale. Aliushika, akatafuta kwa muda mrefu kwenye kisigino, hakuona kitu, lakini akainama hivyo hivyo, akavuta ile pumzi yake kidogo aliyobaki nayo, akapuliza. Sikuuvuta.